Tusiwabague Walioonja Shida

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni yangu kuhusu vijana wanaotaka kazi ya ustawi wa jamii. Nasikia usemi, hata kwa watu wenye elimu zao, kwamba mtu aliyekulia katika matatizo hafai kazi hii kwa kuwa atachanganya machozi yake na ya wale anaowahudumia. Ndiyo maana kijana akiulizwa kwenye usaili kwa nini ameichagua, hujibu kama kasuku: "Napenda kuwatumikia wananchi." Sababu yenyewe ameiacha mlangoni.

Mimi ni afisa mstaafu. Nilipoingia Chuo cha Ustawi wa Jamii, Dar es Salaam, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1973 na ambacho leo ni Taasisi, wengi wetu darasani tulikuwa tumepita njia nyingine kwanza. Alikuwapo muuguzi aliyechoka kumwona mtoto yule yule akirudishwa wodini kwa utapiamlo. Alikuwapo mwalimu wa shule ya msingi. Baba yangu mimi aliugua ukoma, na pale kijijini hakuna aliyekubali kukaa jamvi moja nasi ila Bwana Ustawi.

Alikuwapo pia mwenzetu aliyeteswa na mama wa kambo, na huyo ndiye ninayetaka kumsemea. Alipoanza kazi, kila mama wa kambo kwake alikuwa na hatia. Mkubwa wake aliliona hilo katika taarifa mbili tu, akamwita na kumwambia: "Mama huyu siye yule." Kwa miezi kadhaa akawa anasoma kila taarifa yake kabla haijatoka ofisini. Baadaye watoto waliogoma kufungua mdomo mbele ya polisi walizungumza naye. Hakuhitaji kufukuzwa, alihitaji msimamizi.

Leo jambo hili lina uzito zaidi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imempa afisa ustawi kazi ya kuchunguza hali ya mtoto na kuipelekea mahakama taarifa. Hakimu hajafika nyumbani kwa bibi, anategemea kurasa zile. Asiyeyajua maisha hayo ataandika "mlezi ni mzee, hana uwezo", na mtoto atapelekwa makao. Anayeyajua atauliza nani analima shamba la bibi, shangazi yuko wapi, na jirani gani huleta maji.

Tena, katika uchunguzi wa kitaifa uliofanyika mwaka 2009, karibu wasichana 3 kati ya 10 walieleza kwamba walifanyiwa ukatili wa kingono kabla ya kutimiza miaka 18. Hao sasa ni watu wazima, na baadhi yao wanaomba kazi. Je, tukiwafungia mlango wote, tutabaki na nani?

Sisemi alama za darasani zisitazamwe, wala kwamba machungu ni cheti. Nawaomba wanaofanya usaili waulize sababu ya kweli na waisikilize bila kushtuka. Na halmashauri zisimwache afisa mpya peke yake katika kata, faili mkononi, bila mkubwa wa kuzisoma taarifa zake.

Mstaafu,
Mbeya.