Kuacha Ndege ya Kurudi Si Wizi

Kuna watu wazima, wasomi wenye kazi zao, wanaoamini kwamba mtu akikata tiketi ya kwenda na kurudi halafu asipande ndege ya kurudi, ameliibia shirika la ndege. Imani hiyo huwa kali zaidi pale tiketi ilipopatikana kwa vocha ya mwenza, ile anayopewa mwenye kadi ya mkopo akishafikisha matumizi ya kiwango fulani kwa mwaka, ili watu wawili wasafiri kwa pointi za mtu mmoja. "Umepewa bure, halafu unaitupa nusu," wanamwambia. Wengine huongeza vitisho: utaingizwa kwenye orodha ya waliopigwa marufuku, viza itafutwa, utakamatwa uwanja wa ndege. Naipinga imani hii kwa sababu inawatia watu hofu mahali pasipostahili hofu, na wakati huo huo inawasahaulisha mtu mmoja ambaye kweli wana wajibu kwake.

Vocha hiyo haikudondoka kutoka mbinguni. Uingereza, kadi ya American Express ya British Airways yenye vocha nono zaidi hutozwa ada ya mamia ya pauni kwa mwaka, na mwenye kadi hupitisha maelfu ya pauni juu yake kabla hajaiona vocha. Kila anapolipa dukani, mwenye duka hukatwa asilimia yake. Pointi zenyewe ni biashara: kampuni ya kadi huzinunua kwa fedha taslimu kutoka upande wa shirika la ndege. Na siku ya kukata tiketi, abiria wote wawili, hata yule anayeitwa wa bure, hulipa kodi na tozo. Kwa hiyo shirika limelipwa mapema, na limelipwa na watu kadhaa. Abiria asipotokea kwenye ndege ya kurudi, hakuna hata senti moja inayotoka kwenye mfuko wa shirika.

Wanaoita jambo hili wizi hawana hukumu ya kuonyesha. Mwaka 2016 abiria mmoja wa Lufthansa alikata tiketi ya Oslo hadi Seattle kupitia Frankfurt, kwenda na kurudi. Wakati wa kurudi aliishia Frankfurt, akapanda ndege nyingine kwenda Berlin kwa tiketi tofauti. Shirika lilimshtaki likidai zaidi ya yuro 2,000 kama tofauti ya nauli. Mahakama ya Berlin ikaitupa kesi hiyo Desemba 2018. Na hata pale, kilichodaiwa kilikuwa fedha za mkataba. Hakuna polisi aliyeitwa. Miaka minane kabla, mwaka 2010, Mahakama Kuu ya Shirikisho ya Ujerumani ilishasema kwamba kifungu cha jumla kinachomnyima abiria safari zilizobaki kwa sababu hakuzitumia kwa mpangilio kinamwonea, ingawa ilikubali kwamba shirika lina haki ya kulinda mfumo wake wa nauli. Mahakama Kuu ya Hispania nayo ilikikataa kifungu cha namna hiyo cha shirika la Iberia mwaka 2018.

Watetezi wa mashirika hupenda kuitaja kesi ya Texas ya Oktoba 2024, ambapo tovuti ya Skiplagged, inayowaonyesha watu tiketi za kushukia njiani, iliamriwa kulilipa shirika la American Airlines dola milioni 9.4. Wanachoacha kukisema ni kwamba aliyeshtakiwa pale ni tovuti, wala si abiria, na kosa alilokutwa nalo lilihusu kutumia nembo ya shirika bila ruhusa.

Hoja inayoniudhi kuliko zote ni ile ya siti iliyoruka tupu. Mashirika mengi makubwa huuza tiketi nyingi kuliko siti zilizopo, yakijua kwa hesabu zake kwamba baadhi ya abiria hawatatokea. Jambo hilo ni la kawaida kiasi kwamba Umoja wa Ulaya umeliwekea sheria namba 261 ya mwaka 2004: abiria mwenye tiketi halali akizuiwa kupanda bila ridhaa yake, hulipwa fidia inayofika yuro 600. Mfanyabiashara aliyepanga faida yake juu ya watu wasiotokea hana uso wa kumlaumu asiyetokea. Abiria wa basi aliyelipa nauli ya Dar es Salaam hadi Arusha akashuka Moshi, hakuna kondakta atakayemfuata hadi mlangoni kwake kumdai.

Kuhusu viza, nitasema kwa ufupi kwa sababu hofu hii imewatesa wazee wengi. Ofisa wa uhamiaji anaangalia tarehe ya mwisho uliyoruhusiwa kukaa. Tiketi uliyoonyesha ubalozini ilikuwa ushahidi wa nia yako ya kurudi. Ukiondoka kwa ndege nyingine kabla ya tarehe hiyo, hujavunja sheria ya uhamiaji kwa kuacha tu ndege ile.

Zipo hatari za kweli, na sitazificha. Ukiacha ndege ya kwanza, ya kwenda, mashirika mengi hufuta safari zote zilizobaki, na utafika kaunta ya kurudi ukiambiwa huna tiketi. Anayefanya mchezo huu mara kwa mara anaweza kunyang'anywa pointi au kufungiwa akaunti, maana mkataba unaruhusu. Hayo ni mambo ya mkataba, ya kupimwa kwa faida na hasara.

Na abiria naye ana lake la kudai. Uingereza hutoza kodi abiria wengi wanaoruka kutoka viwanja vyake. Kuanzia Aprili 2025 ilikuwa pauni 90 kwa daraja la chini kwenda umbali kama wa Nairobi. Shirika hudaiwa kodi hiyo na serikali kwa abiria aliyeruka tu. Kwa hiyo mtu aliyeanzia safari Nairobi, akaacha ndege ya kurudi kutoka London, ana haki ya kuuliza kodi yake iko wapi. Wengi hawaulizi, kwa aibu. Wamekwisha kuaminishwa kwamba wao ndio wezi.

Sasa nimfikie yule aliyesahauliwa. Vocha ya mwenza huweka majina mawili chini ya namba moja ya buking, yenye herufi na tarakimu sita, na kwa kawaida masharti yake yanataka mwenye kadi na mwenzake wasafiri pamoja, ndege ile ile. Mchukulie mama aliyekuja Kenya na binti yake kutoka Uingereza. Binti amebaki kumalizia mambo ya kiwanja Kitengela. Mama yuko peke yake kaunta ya uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta usiku, begi liko kwenye mizani, ndani mna unga na omena zilizofungwa vizuri. Kijana wa kaunta anaandika namba ile, anaona majina mawili, anainua macho: "Mama, uliyesafiri naye yuko wapi?" Mama anajibu, "Amebaki kidogo, mwanangu." Huenda akapandishwa bila neno. Huenda akaambiwa asogee pembeni amsubiri msimamizi, huku foleni ikimpita na simu ya binti haipatikani. Hapo ndipo kuna madhara ya kweli, na hakuna anayeyazungumzia, maana maneno yote yameishia kwenye kulihurumia shirika lenye mamia ya ndege.

Binti huyo hana deni la heshima kwa shirika. Deni lake ni kwa mama yake: kumweleza mapema, tangu siku ya kukata tiketi kama alikwisha kujua huenda asirudi, na kumuuliza kama yuko tayari kusafiri peke yake. Na mama akisema hayuko tayari, basi vocha hiyo haifai kwa safari hiyo, hata kama pointi zinatosha.

Basi ukiwa na vocha na hujui kama utarudi tarehe ile, usiwasikilize wanaokutishia jela. Zungumza na mwenzako kwanza. Kisha lipigie shirika simu kabla ya siku ya safari, uulize kama majina yenu yanaweza kutenganishwa na kama tiketi ya mwenzako itabaki halali, na jibu ulipate kwa maandishi. Wakikataa, mrudishe mama nyumbani wewe mwenyewe.