Kipara Chafunga Watu Midomo

Mwenzenu mwaka 2007 nilikwama Kasanga nikisubiri Liemba. Giza lilipoingia nikajitosa kibanda cha video.

Mwenye mradi? Dada mmoja. Mchana muuza migebuka, usiku jenereta, deki, runinga na mabenchi. Watu walimsema, eti mwanamke gani anakesha na wahuni! Nami nikacheka.

Usiku ule akaweka diski ya Miss Universe, Mexico. Flaviana Matata wetu, mzaliwa wa Shinyanga, akatokea na kipara chake na kuingia kumi bora. Kibanda kimya! Tangu televisheni zianze Bara mwaka 1994, tulizoea warembo wa manywele marefu.

“Huyo naye mrembo?” mzee mmoja akaguna.

“Babu, si umelipa kumtazama?” dada akamjibu.

Nikaona aibu. Mdogo wangu wa kike aliniomba mtaji wa deki nikamnyima, eti kazi ya wanaume. Niliporudi nikampa.

Flaviana baadaye akaanzisha rangi za kucha, Lavy. Mdogo wangu? Kibanda chake kilimsomesha mwanawe.

Kaka, dada yako kakuomba nini ukamcheka? Tukutane wiki ijayo!