Titi la Kitambaa si Majivuno

Mama aliyekatwa titi kwa saratani, kisha akapigwa mionzi Ocean Road, Dar es Salaam, hurudi Masanze na ngozi ya kifua iliyobabuka. Wapo wanaomwambia, "Umepona, titi la nini tena?" Nawapinga. Kulitamani umbo lake si majivuno.

Ila asiharakishe upasuaji wa kurudishiwa titi. Mionzi huua saratani, lakini pia huharibu mishipa midogo ya damu. Ngozi hukakamaa na kidonda huchelewa kupona. Mfuko wa silikoni ukiwekwa hapo unaweza kubanwa na kovu gumu, au ukaingia usaha na kutolewa tena. Kwa hiyo mara nyingi madaktari hupendelea nyama ya mgongo au ya tumbo lake mwenyewe, tena baada ya miezi kadhaa.

Kwa wengi wetu gharama hiyo ni ndoto. Basi ngozi ikishapona, ashone titi la kitambaa laini cha pamba, alijaze sufi, alivae ndani ya sidiria. Akiona wekundu, joto au usaha, aende hospitali siku hiyohiyo, asibandike majani. Nanyi akina baba, mkono wa upande ule huweza kuvimba. Ndoo ya maji ichukueni ninyi.