Kuzima na Kuwasha Si Ufundi

Wasee, leo sibembelezi mtu. Napigiwa simu na wenye saiba kati ya Meru na Embu, na hadithi ni ile ile. Folda ya pamoja imekataa kufunguka. Fundi ameitwa, amezima kompyuta ya kaunta, ameiwasha, amelipwa, ameenda. Baada ya siku mbili imekataa tena, na fundi ni yule yule, na malipo ni yale yale. Hiyo mnaita ufundi? Mimi naiita kodi.

Najua mtaniuliza mimi ni nani. Nina miaka 22, chuo niliacha mwaka wa pili, cheti sina. Sawa. Lakini macho ninayo, na kompyuta huwa inasema ukweli ukiiuliza vizuri. Shida ni kwamba hatuiulizi.

Chukua saiba moja pale Makutano, Meru. Jina sitataja. Iko na kompyuta 12, laptopu mbili, na mashine ya kopi inayotuma skani moja kwa moja kwa folda. Jumla 15. Zote zinategemea kompyuta moja ya Windows 11 iliyo kaunta. Kila moja ikiwaka tu, inajifungulia ile folda kama diski Z bila kuulizwa na mtu. Inapendeza, sivyo? Sasa ngoja.

Siku ya kufunga maombi ya basari, mama mmoja alikuwa ameketi pale. Barua ya chifu, ripoti ya shule, nakala ya kitambulisho, zote zimeskaniwa ziko ndani ya Z. Na Z inasema haiwezi kupokea miunganisho zaidi, imejaa. Imejaa na nini? Mashine ni 15 tu!

Hapa ndipo penye siri. Windows ya kawaida, si ile ya seva, inakubali mashine nyingine 20 peke yake kuingia kwa folda zake kwa wakati mmoja. Si virusi, ni mpaka uliowekwa na Microsoft wenyewe. Mchana huo stima ilikuwa imepotea ikarudi. Kompyuta ya kaunta iko na betri yake, haikuzima. Zile zingine 15 zilikufa ghafla bila kusema kwaheri. Ziliporudi, zikaomba nafasi mpya, na kaunta bado inahesabu zile za zamani. Mizimu 15, walio hai 5, hesabu imefika 20. Mashine 10 zimebaki nje zikigonga mlango.

Ni kama matatu ya viti 14 pale steji. Unaiona imejaa, unaharakisha, unalipa. Kumbe nusu ya abiria ni wale wa kukodishwa kukalia viti. Hawaendi popote. Wewe msafiri wa kweli ndiye unasimama kwa jua.

Niliandika `net session` kwa ile kompyuta ya kaunta. Mistari 20 kamili, na 15 kati yake haijaguswa tangu stima ipotee. Nikaiondoa, folda ikafunguka, mama akatuma maombi yake. Lakini waliokuwa mbele yake kwa foleni walikuwa wameshakata tamaa wakaenda nyumbani. Hao nani atawarudishia siku yao?

Sasa swali la maana: kwa nini mizimu ilikaa muda wote huo? Windows ikiachwa ilivyo, hukata muunganisho usiotumika baada ya dakika 15, mradi hakuna faili iliyoachwa wazi. Hapa haikukata. Nikaangalia `net config server`, nikapata muda wa kukata umezimwa kabisa. Fundi wa kwanza aliambiwa diski Z inaonyesha alama nyekundu asubuhi, akatoa amri kwa video fulani, `autodisconnect:-1`, alama ikapotea, akalipwa. Alichofanya ni kumfukuza mfagiaji kwa sababu ufagio una kelele. Na ile alama haikuwa hata ugonjwa. Mara nyingi ukibofya tu, diski inajiunganisha yenyewe.

Na msidhani wa Linux wamepona. Embu kuna ofisi moja nilipata kijana amejivunia `umount -l`. Folda imetoweka, yeye anasema kazi imeisha. Nikamwambia aandike `ss -tn`. Muunganisho wa poti 445 uko pale pale, hai. Hiyo `-l` inaficha jina tu. Kama kuna terminali imesimama ndani ya folda, au programu imeshika faili, muunganisho unabaki mpaka huyo wa mwisho atoke. Tafuta nani amekalia kwa `fuser -vm`, mtoe, kisha toa folda kwa njia ya kawaida. Na kama unatumia automaunti ya systemd, ujue kwamba isipoambiwa haikati kamwe. Weka `x-systemd.idle-timeout=300` na itajitoa baada ya dakika tano za ukimya.

Kuna mtu ataniambia, "Lakini kuzima na kuwasha kunafanya kazi." Ndiyo, kunafanya. Hata kumwaga maji nje ya boti kunafanya kazi, mpaka uchoke. Ukizima, unafuta ushahidi wote. Hutajua nani alikalia nafasi, saa ngapi, kwa nini. Na mimi siwacheki kutoka juu. Mwaka jana nilifanya hivyo hivyo kwa mteja mara tatu, nikachukua pesa mara tatu. Naona aibu, ndiyo maana naandika.

Halafu kuna jambo kubwa kuliko foleni. Mlango uliosahaulika wazi haupitishi wewe peke yako. Mei 2017, WannaCry ilipita kwa mlango huu huu, poti 445, ikalemaza mpaka hospitali za Uingereza, na Microsoft walikuwa wametoa kiraka tangu Machi. Sasa fikiria hiyo Z yako inayojifungua yenyewe kwa kila kompyuta ambayo mteja yeyote anaikalia. Ndani kuna vitambulisho vya mtaa mzima, PIN za KRA, vyeti vya watoto. Kenya iko na Sheria ya Ulinzi wa Data tangu 2019. Ukishika data ya watu, jukumu la kuilinda ni lako, hata kama duka lako ni la mabati.

Kwa hivyo mwenye saiba, kabla hujatoa pesa tena, muulize fundi wako maswali matatu. Nani ameunganishwa sasa hivi? Amekaa muda gani bila kufanya kazi? Nini kinamzuia kutoka? Akikujibu kwa kunyoosha kidole kwa swichi ya ukutani, mshukuru, mpe chai, na umwache aende. Lakini asiende na pesa yako.