FUNDI WA NYUMBANI: Parafujo Iliyogoma Hailazimishwi

Ndugu msomaji, mwezi uliopita mama yangu mzazi aliniletea tochi yake ndogo ya mfukoni kwa mkono wa mpwa wangu. Ujumbe wake ulikuwa mfupi: "Mwambie mwanangu haiwaki, na choo kiko mbali." Kwa yeyote aliyekulia kijijini maneno hayo yanatosha. Mama amekwisha kuwa mtu mzima sana, njia ya chooni ina mteremko na mawe, na mwanga wa simu yake huutumia kwa uchache kwani chaji hulipiwa dukani.

Kifuniko cha betri cha tochi hiyo kimeshikwa na parafujo tatu, kila moja ikiwa na kichwa kisichozidi punje ya mtama. Pembezoni mwake palikuwa na ungaunga mweupe, dalili kwamba betri zimevuja ndani. Nikajiambia kuwa hiyo ni kazi ya dakika tano. Nikashika kisu cha jikoni, kisha bisibisi kuukuu iliyolika ncha. Parafujo ya kwanza ilitoka, ya pili ikatoka kwa taabu. Ya tatu ilikataa, nami nikaizungusha kwa hasira hata mifuo ya kichwa chake ikasagika, pakabaki kitundu cha mviringo tu. Mpwa wangu akaniuliza, "Mjomba, sasa Bibi atatumia nini?"

Sikuwa na jibu. Nikaichukua tochi nikaenda kwa mzee mmoja mtaani kwetu ambaye ni fundi wa saa. Baada ya kuniitikia shikamoo yangu, aliivaa miwani yake akaitazama kwa muda. "Nani aliyeijeruhi hivi?" Nikakiri kuwa ni mimi. "Ulizungusha kabla ya kukandamiza," akasema. Kisha akanieleza mambo ambayo naona si vema niyafiche.

Kwanza, kichwa cha parafujo kisafishwe. Uchafu ulioshindiliwa katika mifuo huizuia bisibisi isizame, basi uchokolewe kwa sindano na kupigwa brashi kuukuu ya meno. Pili, bisibisi iwe ya kipimo chake. Ikiingia katika mifuo isicheze hata kidogo. Parafujo za mfuo wa msalaba, ambazo Henry F. Phillips wa Portland, Marekani, alizipatia hataza mwaka 1936, zina tabia ya kuisukuma bisibisi juu inapozungushwa kwa nguvu. Ndiyo sababu yule mzee husema kuwa katika nguvu zako kumi, saba zikandamize chini na tatu tu ndizo zizungushe. Tochi nayo ilazwe juu ya meza imara, isishikwe kiganjani, maana bisibisi ikiteleza huchoma mkono.

Tatu, usianze kwa kulegeza. Ikaze kidogo mno kwanza, kwa kufuata mwendo wa akrabu za saa, kisha ndipo uirudishe kinyume. Mtikisiko huo mdogo huvunja kutu iliyoshikamana na hesi, yaani ile mizunguko ya ubavuni mwa parafujo. Ikiwa bado imegoma, chovya ncha ya sindano katika mafuta mepesi ya kulegeza kutu, utone tone moja pembezoni mwa kichwa, uiache mpaka kesho yake. Mafuta yasifike kwenye kioo wala plastiki.

Wapo mafundi ambao huigusisha parafujo ncha ya moto ya chombo cha kulehemu ili gundi au kutu ilegee. Mzee alikataa katakata kufanya hivyo, kwa kuwa betri zilikuwa bado ndani. Betri ikipashwa moto yaweza kupasuka, na zile za kuchajiwa za lithiamu huweza hata kuwaka. Basi, ndugu msomaji, kama betri zimefungiwa nyuma ya parafujo hiyohiyo, sahau habari ya moto.

Kwa ile niliyoiharibu, alitandika kipande cha mpira mwembamba juu ya kichwa, akakandamiza bisibisi juu yake. Mpira ukateleza. Kwa bahati kichwa kilikuwa kimejitokeza juu ya kifuniko, basi akachukua msumeno mwembamba wa chuma akakichanja mfuo mmoja ulionyooka, akatumia bisibisi bapa. Parafujo ililia mara moja, ikageuka.

Ndani tulikuta betri za alkalini zimeoza. Unga wake huunguza ngozi na macho, kwa hiyo tulivaa glavu. Tulipangusa vyuma kwa pamba iliyochovywa katika siki, ambayo huuvunja nguvu unga huo, kisha kwa kitambaa chenye maji kidogo, tukavikausha kabisa. Mzee akatafuta parafujo nyingine katika kopo lake. Alipoirudisha aliizungusha kwanza kinyume mpaka akaisikia imetumbukia katika hesi yake ya zamani, ndipo akaikaza kwa vidole viwili tu, baada ya kuipaka mafuta kidogo ili siku nyingine itoke bila vita.

Malipo aliyotaka yalikuwa kikombe cha kahawa na ahadi kwamba kile kisu kitabaki jikoni.

Tochi imekwisha rudi kijijini pamoja na betri mpya. Juzi Mama alinipigia simu. Alisema inawaka vizuri, na akauliza kwa nini nilichukua majuma mawili kwa kazi ya parafujo tatu. Nilimweleza kila kitu, hata habari ya kisu. Alicheka sana.

Ewe msomaji uliye na mzazi kijijini, ukienda likizo ifungue tochi yake uzitazame betri. Ila uende na bisibisi ya kipimo chake. Tukutane Jumapili ijayo.