"Umeelewa?" Si Swali la Kutosha

Swali linalosikika mara nyingi zaidi kwenye dirisha la dawa ni fupi: "Umeelewa, mama?" Na jibu lake ni fupi vilevile: "Ndiyo, daktari." Anayejibu hivyo huenda ameelewa kweli. Huenda pia mtoto analia mgongoni, foleni inamsukuma kwa nyuma, na adabu aliyolelewa nayo haimruhusu kumwambia mtu aliyesoma kwamba maneno yake hayakueleweka. Kitabibu, jibu hilo lina thamani ndogo. Hata hivyo, juu yake hujengwa siku tatu za matibabu ya malaria.

Itazamwe bahasha yenyewe. Imeandikwa "1 x 3". Kwa aliyefundishwa, hicho ni kidonge kimoja, mara tatu kwa siku. Kwa anayekumbuka hesabu za shule, moja mara tatu ni tatu, na vidonge vitatu vyaweza kumezwa kwa mkupuo. Maneno "kutwa mara mbili" nayo yana mtego wake, kwa kuwa kutwa ni mchana, tangu asubuhi hadi jua linapotua. Ndiyo maana watu husema kutwa kucha. Mgonjwa aliyemeza dozi zote mbili kabla ya giza kuingia hakukaidi. Amesoma Kiswahili sawasawa kuliko aliyeandika.

Hatari huonekana zaidi katika dawa ya mseto ya artemetha na lumefantrini. Dozi ni sita kwa siku tatu, na ya pili hutolewa baada ya muda wa saa 8 tangu ya kwanza. Lakini "baada ya saa nane" ni kauli yenye maana mbili: muda wa saa nane ukishapita, au saa nane ya mchana ikishapita. Mama aliyempa mwanawe dozi ya kwanza saa 5 asubuhi anatakiwa kumpa ya pili saa 1 usiku. Akishika maana nyingine, atampa mchana huohuo, muda wa saa 3 tu baadaye, na usiku kucha mtoto atakaa bila dawa aliyostahili kupata. Mtoto asipopona, faili huandikwa kwamba mzazi "hafuati maelekezo". Sentensi hiyo ingepaswa kuandikwa kwa nadra mno, na kamwe isiandikwe kabla ya maelekezo yenyewe kuchunguzwa.

Uchunguzi wa namna hiyo una jina: utafiti wa uzoefu wa mtumiaji. Watengenezaji wa programu za kompyuta na simu wameuzoea. Msingi wake ni kumtazama mtu akikitumia kitu, badala ya kumuuliza kama amekipenda au amekielewa. Hospitali, ambako kosa la matumizi laweza kuua, zimechelewa kuuchukua. Viwanda vya dawa vimetangulia kidogo.

Vidonge vya mseto vya awali vilisagwa nyumbani ili mtoto aweze kumeza. Vilikuwa vichungu, mtoto akatema, na hakuna aliyejua ni kiasi gani kilichobaki tumboni. Kampuni ya Novartis na shirika la Medicines for Malaria Venture walipotengeneza kidonge kinachoyeyuka katika maji, kilichotoka mwaka 2009, waliwapelekea kwanza wenye ndimi zenyewe. Watoto 48 wa shule nchini Tanzania, wenye afya njema, walionja ladha tatu, stroberi, chungwa na cheri, kila moja kwa sekunde 10 bila kumeza. Tofauti ya alama haikuwa kubwa kitakwimu, lakini cheri iliongoza katika vipengele kadhaa, ikachaguliwa. Cheri, tunda ambalo wengi wa watoto hao huenda hawajawahi kuliona mtini! Kikao cha wataalamu pengine kingepitisha chungwa kwa kauli moja.

Kidonge kikaboreshwa hivyo. Bahasha haikuguswa. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu mwaka 2005, karatasi ya maelezo iliyomo ndani ya pakiti haina budi kujaribiwa kwa watu wa aina ya watakaoitumia. Jaribio la kawaida huhusisha watu wapatao 20 tu: kila mmoja hutakiwa kutafuta jambo fulani ndani ya karatasi, kisha kueleza kwa maneno yake angefanya nini. Maandishi ya kalamu juu ya bahasha ya zahanati hayajaribiwi na yeyote, ilhali ndiyo pekee ambayo wagonjwa wengi hurudi nayo nyumbani.

Mtumishi wa zahanati atasema, na atasema kweli, kwamba wagonjwa ni wengi na mikono ni michache. Lakini jaribio halifanywi kwa kila mgonjwa kila siku. Alasiri moja na wagonjwa watano au sita hutosha kufichua kasoro kubwa. Bahasha ikirekebishwa, watano wengine waitazame. Hata picha zipitie njia hiyo. Mchoro wa mwezi uliokusudiwa kumaanisha usiku waweza kusomwa kuwa mwezi wa siku 30.

Jambo lisilohitaji fedha ni namna ya kuuliza. "Karatasi hii ndiyo inayopimwa, si wewe, mama. Ukifika nyumbani, utampa vipi? Nionyeshe." Aulizwaye hivyo hawezi kujibu "ndiyo" peke yake. Na anayeuliza husikia mambo ambayo hakuna fomu inayoyauliza: kwamba simu, ambayo ndiyo saa ya nyumba, huwa na baba hadi usiku, kwamba bibi ndiye atakayempa mtoto dawa ya asubuhi, naye haoni maandishi madogo, kwamba adhana husikika vizuri kutoka msikiti wa jirani. Kwa nyumba hiyo, dozi ya pili ya leo iandikwe kwa herufi kubwa: KATI YA MAGHARIBI NA ISHA.