Hisani Isiyo na Hesabu Hulichafua Jina la Askari

Askari anapokabidhiwa silaha hutia sahihi katika daftari la bohari. Wala hauoni utaratibu huo kuwa ni tusi. Hata mwenye nishani kifuani hutia sahihi, kwa maana bohari haiulizi ushujaa wa mtu. Huuliza idadi ya silaha. Fedha za hisani nazo zastahili utaratibu uo huo. Ushahidi wa neno hili tunaupata Uingereza, katika mambo yaliyoupata wakfu uliobeba jina la askari mzee.

Kapteni Tom Moore alipigana Burma katika Vita Kuu ya Pili, vita ambavyo askari wa King's African Rifles kutoka Afrika Mashariki nao walivipigana. Mwezi wa Aprili 2020, akiwa na umri wa miaka 99, aliazimia kuizunguka bustani yake mara 100, akijikongoja kwa kigari cha kutembelea, ili kuchangia huduma za afya. Alitazamia pauni 1,000. Zikapatikana zaidi ya milioni 30. Fedha hizo zilipelekwa kwenye mfuko wa hisani wa hospitali, nazo si kiini cha mgogoro tunaouzungumzia.

Mgogoro ulizuka katika wakfu ulioanzishwa mwaka huo huo kwa jina lake. Kapteni alifariki Februari 2021. Mwaka 2022 Tume ya Hisani ya Uingereza na Wales ilianza uchunguzi rasmi, na taarifa yake ikatolewa Novemba 2024. Tume iliona kwamba binti yake na mumewe, waliokuwa wadhamini, hawakutenganisha maslahi yao na ya wakfu. Malipo ya awali ya vitabu vya Kapteni, kiasi cha pauni milioni 1.4, yalilipwa kwa kampuni binafsi ya familia, hali wasomaji walikuwa wameaminishwa kwamba wakfu utafaidika. Jina la wakfu lilitajwa pia katika ombi la kibali cha jengo nyumbani kwao. Likajengwa kubwa zaidi, lenye bwawa la maji ya moto, na mwaka 2024 likabomolewa kwa amri. Binti alizuiwa kuwa mdhamini kwa miaka 10, mumewe miaka 8. Wao wameilaumu taarifa hiyo kuwa si ya haki, na binti alikwisha kueleza kwamba baba yake ndiye aliyetaka fedha za vitabu zibaki kwa familia.

Hata tukiyakubali maelezo hayo, swali linabaki: liko wapi andiko lililowaeleza wananchi hivyo kabla hawajanunua kitabu? Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Kosa halikuanza na fedha. Lilianza pale watu wa nyumba moja walipokaa pande zote mbili za meza, mlipaji na mlipwaji, pasipo mtu wa tatu wa kuwazuia.

Ndugu askari na polisi, nasi tunachangishana. Tunakatwa mishahara kwa ajili ya wajane, mayatima na wenzetu waliolemaa. Basi na tudai mambo matatu: mtunza fedha asiwe ndiye mkaguzi, mwenye maslahi atoke nje jambo lake linapojadiliwa, na hesabu zisomwe mbele ya wachangiaji wote, wa cheo cha juu na wa chini. Kudai hivyo si uasi wala si kumvunjia mkubwa heshima. Ni kumkinga.

Mzee yule alikwisha kufariki uchunguzi ulipoanza. Hakuweza tena kujitetea, na hata hivyo jina lililotajwa kila siku magazetini lilikuwa lake. Mjane wa askari mwenzetu naye hana sauti katika kikao cha mfuko. Sauti yake ni daftari letu.